Nilimtangaza Mwizi Nikijua Yuko Msibani

Kosa ni langu, na simtaki mtu wa kunisaidia kulibeba. Nasema mapema kwa sababu nawajua ninyi wasomaji wa kurasa hizi. Mtu akishaungama kidogo tu, mnaanza: pole ndugu, binadamu hukosea, Mungu atakusamehe. Acheni hizo! Pole zenu sizitaki. Na ukisoma mpaka mwisho hutakuwa na hamu ya kunipa.

Jina langu siandiki. Ndiyo, ni woga, najua, huna haja ya kuniambia. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Mji sikuubadilisha: ni Sumbawanga, nilikozaliwa. Kama una vichekesho vyako vya uchawi, vitoe sasa hivi tumalizane, maana miaka yote niliyosoma kompyuta Dar es Salaam sikuitwa kwa jina langu. Nilikuwa "mtu wa Sumbawanga, usituroge," darasa zima linacheka, na mimi nacheka nao huku nawachukia mmoja mmoja.

Hasira ile ndiyo iliyonifanya nitengeneze programu ya baiskeli. Habari za kuwasaidia wananchi na kutunza mazingira niliziandika tu kwenye barua za kuomba ufadhili. Nilitaka siku moja wale wale walionicheka wafungue simu zao wakute kitu cha mtu wa Sumbawanga.

Dar kuna foleni, hilo kila mtu analijua. Asubuhi nilikuwa natoka nilikopanga kwa miguu kwenda chuoni, nayapita magari yaliyosimama, watu wamevaa suti wanatoka jasho ndani. Nikasema, hawa wakipata baiskeli ya kukodi kwa simu, unaichukua hapa, unaiacha kule, si watafika? Nikaanza kuichora. Na kwa kuwa ule ni mji wa watu wasiojuana, nikaitia meno. Kila anayekodi apigwe picha na aonyeshe kitambulisho. Kila baiskeli ifichiwe kidude chini ya kiti, kiwe kinaonyesha kwenye ramani iko wapi. Na atakayepitisha siku moja bila kurudisha, msimamizi, yaani mimi, aitume picha yake kwa kila mwenye programu, na juu yake neno moja jekundu: MWIZI. Chini yake, mahali baiskeli ilipo na namba ya kupiga.

Sehemu hiyo niliipenda kuliko zote. Ile rangi nyekundu niliibadilisha mara kadhaa mpaka itishe vizuri. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini anafurahia hivyo.

Dar hawakuitaka. Kila ofisi niliyoingia waliniambia barabara zenyewe hazina pa kupitisha baiskeli, watu watagongwa na malori. Nikarudi nyumbani na kompyuta yangu begani. Mama alinisikiliza nikieleza weee, mwisho akauliza foleni ya Sumbawanga iko wapi. Aliuliza kwa nia njema kabisa. Mimi nikanuna, nikaacha ugali wa ulezi ukapoa mezani kama mtoto wa darasa la pili.

Aliyenikubali ni mtu mmoja tu, Mzee Fideli. Huyu ni baba yangu wa ubatizo, na ndiye mkodishaji wa baiskeli pale karibu na soko tangu mimi sijaanza shule. Baiskeli zake nyeusi zenye keria ngumu zimebeba nusu ya mahindi na maharage yaliyoingia mjini huku. Utaratibu wake ulikuwa wa swali moja. Ukifika anakuuliza, "Wewe wa nani?" Ukishasema wa nani na wa wapi, chukua, nenda. Zikichelewa hakimbizani na mtu. Anajua nyumba ya kuuliza.

Na alikuwa na jambo moja ambalo wote wa hapa wanalijua. Baiskeli inayokwenda msibani hailipiwi na haiulizwi itarudi lini. Unamwambia tu, Mzee naenda kuzika, anakushika mkono, anakupa ile yenye breki nzuri. Utarudi matanga yakiisha.

Alinipa baiskeli zake zote nizifunge vidude. Zote! Hakuniuliza nitampa nini. Nilipomaliza kumweleza programu nzima, pale pale kwenye benchi lake, aliuliza kitu kimoja tu: msiba nimeuweka wapi.

Nikacheka. Nikamwambia nikiweka sehemu ya msiba, mji mzima utakuwa unamzika bibi yule yule kila Jumatatu. Yeye hakucheka. "Hapa mtu hasingizii kifo," alisema. Nikamjibu kwamba kompyuta haijui matanga, inajua saa. Akaendelea kupuliza mikono yake kwa baridi. Mimi mjinga nikadhani nimeshinda.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda. Vijana walipenda kufungua kufuli kwa simu. Waendesha bodaboda nao niliwashawishi waiweke programu kwa kuwaahidi zawadi, yeyote atakayeikamata baiskeli iliyopotea. Hilo nililiona ni akili kubwa. Nilikuwa nimejipatia askari bila kuwalipa mshahara, ndivyo nilivyojisifu kwa washikaji.

Sasa niwaambie kuhusu mtu niliyemwangamiza. Nitamwita Osward. Mkulima wa kijiji cha Kasense, mtu wa makamo, mpole mpaka anakera. Alikuwa anakodi kwa Mzee Fideli kuleta magunia yake sokoni, na wakati mwingine ya jirani zake. Simu yake ni kitochi, haiwezi programu yoyote, kwa hiyo Mzee alikuwa anamfungulia kufuli kwa simu yake mwenyewe. Siku ya kumsajili nilimwambia lazima apigwe picha. Akasema basi asubiri, akarudi kesho yake amevaa koti la kanisani. Akatabasamu mbele ya simu yangu, na baadaye akaniuliza picha itakuwa tayari lini ili mke wake aitundike. Nikamwambia nitamletea. Sikumletea.

Mwaka jana, wakati wa baridi kali, mama mkwe wake Osward alifariki huko Mpui. Mke alitangulia na ndugu zake. Osward akaja kwa Mzee, akasema naenda kuzika ukweni, Mzee akamshika mkono, akamfungulia baiskeli. Na ninyi mnajua mkwe akifika msibani ukweni si mgeni wa kukaa kwenye mkeka. Anapasua kuni, anachota maji, anachimba na wachimbaji, na hathubutu kuaga kabla matanga hayajaisha. Akiondoka mapema atasemwa hadi wajukuu zake.

Siku ya pili yake nilikuwa na wageni. Watu wawili kutoka Dar, wa shirika moja linalosaidia vijana wenye programu, wamekuja kuniona mimi, Sumbawanga! Niliamka nimenyoa, shati limepigwa pasi. Kabla sijatoka, simu ikaita. Mzee Fideli.

"Mwanangu, Osward yuko Mpui, amefiwa na mama mkwe," alisema. "Hiyo simu yako ikianza kupiga kelele, iache."

Nikamjibu, "Sawa, Baba."

Sikuwa nimelewa. Sikuwa na usingizi. Nilisikia kila neno.

Wageni walikuja, wakaipenda ramani, wakapenda rangi, wakapenda kufuli. Kisha yule mwanamke akauliza wizi tunaudhibitije. Hilo ndilo swali nililoliota toka chuoni! Nikafungua upande wangu wa msimamizi, na pale juu palikuwa na picha moja tu inawaka nyekundu, imepitisha muda. Osward na koti lake.

Kwenye ramani baiskeli ilikuwa imetulia Mpui, uani kwa watu, haijasogea. Mwizi gani anaiba baiskeli halafu anakwenda kuiegesha ukweni? Niliona. Nikawaambia wageni, hata sasa hivi tunaye mmoja, tazameni. Nikabonyeza.

Simu ya yule mwanaume ikalia mezani, maana alikuwa ameshaiweka programu asubuhi ile. Akaiinua, akaiona picha, akacheka kwa kufurahi, akanipa mkono. Alisema hiki ndicho walichokuwa wanakitafuta. Nami nikacheka. Nikajiambia nitaifuta baada ya chakula.

Baada ya chakula! Tukaenda kula migebuka, wale samaki wa ziwani, na ili wageni wasisumbuliwe nikaizima sauti ya simu. Tulikaa sana. Nilikuwa naongea, nani aninyamazishe siku hiyo? Nilipoitoa simu mfukoni nilikuta nimepigiwa mara nyingi, na nyingi kati ya hizo ni namba moja nisiyoijua, inapiga, inakata, inapiga tena.

Baadaye nilijua ni ya nani. Ni ya shemeji yake Osward, kaka mkubwa wa mke wake. Vijana wa bodaboda walikuwa wamefika msibani na picha kwenye simu zao. Osward alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Wakamtoa mpaka mbele ya waombolezaji, wakaionyesha picha kwa wazee, kwa akina mama, kwa kila mtu. Osward akasema aliyempa baiskeli ni Mzee Fideli wa mjini, anajua. Wakamwambia wezi wote wana mzee wao. Yule shemeji akasimama katikati, akawaomba wasubiri, apige namba iliyoandikwa pale chini, aulize kwanza. Alipiga simu yangu amewazuia kwa mkono mmoja. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nachambua miiba ya samaki.

Walipochoka kusubiri wakamsukuma pembeni.

Sitaeleza walichomfanya, kwa sababu wengine mnapenda kusoma hayo. Nitasema moja: mkono wa kulia waliukanyaga juu ya kuni alizokuwa anapasua, wakisema ndio ulioiba. Leo vidole vyake havifumbi. Hawezi kushika breki. Na mama mkwe alikuwa bado hajamaliza matanga yake.

Hasira zangu kwa wale vijana ninazo, nisidanganye. Mmoja tulisoma naye msingi. Nilimkuta stendi nikamshika shati nikamuuliza ana roho ya aina gani. Akanitazama tu, akasema, "Si wewe uliyeandika mwizi?" Nikamwachia.

Jioni ya siku ile ya kupigwa, ndugu zake Osward walimleta hospitali mjini. Nilikwenda. Shikamoo zangu kwa wazee waliokaa nje hazikuitikiwa. Osward alikuwa amelala, uso umevimba, mkono umefungwa. Hapo ndipo nilipofanya jambo baya kuliko la kwanza, jambo lililonifanya niandike hapa.

Nilimwambia ni mfumo. Nikasema, "Kaka Osward, mashine ilikosea, ilijituma yenyewe."

Aliniangalia kwa lile jicho lililokuwa linafunguka. "Basi," alisema. "Mashine haina roho, nitaikasirikia vipi?" Akanisamehe pale pale. Akawaambia na ndugu zake waliosimama mlangoni kwamba kijana hana kosa, ni mitambo. Na mimi nikaupokea msamaha ule, nikashukuru, nikatoka. Jamani! Niliuchukua kama haki yangu.

Uongo huo niliusema kila mahali. Polisi nilisema mfumo. Kwa mama nilisema mfumo. Wale wageni niliwaandikia kwamba ni hitilafu ndogo, wakati waliniona kwa macho yao nikibonyeza. Hawakunijibu mpaka leo, na nadhani nao wana lao la kuungama, wasinitanie.

Mzee Fideli ndiye hakudanganyika, ingawa hakuwa na ushahidi. Nilimkuta kwenye benchi lake ameshika bisibisi, anang'oa vidude chini ya viti kimoja kimoja, anavitupia kwenye mfuko wa plastiki. Nikaanza wimbo wangu wa mfumo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikupigia asubuhi," alisema. "Ukaniambia sawa, Baba."

Akanipa ule mfuko, akageukia mteja aliyekuwa anasubiri, akamuuliza ni wa nani. Tangu siku hiyo hajaniita mwanangu. Nikimwamkia anaitikia, marahaba, kama anavyoitikia mtu yeyote anayepita sokoni.

Programu niliizima wiki ile ile. Nikadhani nimemaliza. Ninyi hamkumaliza! Watu walikuwa wameshainakili ile picha ya Osward kwenye simu zao, wakairusha kwenye magrupu: ya bodaboda, ya wauza mazao, ya kwaya, ya wazazi wa shule. Osward hajawahi kuwa na simu ya kuingia kwenye grupu, lakini uso wake umefika asikofika. Alikwenda kuuza maharage mnada wa mbali, mama mmoja akamtazama, akatazama simu yake, akavuta kikapu chake karibu. Mke wake alikaa Mpui karibu miezi miwili kwa sababu kaka zake wadogo walisema hawamrudishi kwa mtu ambaye picha yake iko hivyo. Yule shemeji mkubwa ndiye aliyewapigania mpaka akarudi. Na Kasense watoto wa shule wanamwita "yule wa kwenye simu." Watu wanaomjua toka amezaliwa wanasema wanamwamini, halafu wanahesabu majembe yao akishapita.

Ndicho nilichomnyang'anya. Mkono wenyewe angeweza kuishi nao. Lakini alikuwa mtu ambaye swali la "wewe wa nani" lilimtosha, akipewa chochote na mtu yeyote. Sasa hata jirani akimwomba amshikie baiskeli afunge gunia, anarudi nyuma hatua mbili, anasema hapana, mwite mwingine.

Hilo la kurudi nyuma nililiona mwenyewe kwa mbali, Jumapili mbili zilizopita, nilipokwenda kwake. Nilikuwa nimechoka na msamaha wake. Ndiyo, nimechoka, kila akiniona barabarani ananisalimia kwa mkono wa kushoto na kunipa moyo niendelee na mitambo yangu, nisikate tamaa! Nilipofika alikuwa amesharudi uani anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja, mke wake yuko pembeni. Sikukaa. Nikamwambia nimesimama hivyo hivyo kwamba haikuwa mashine. Nilimwambia Mzee alinipigia simu asubuhi, nilijua yuko msibani, nilikuwa na wageni nikataka kuwaonyesha. Nikasema ni mimi niliyebonyeza.

Mke wake aliacha kazi. Osward hakuacha. Alimaliza gunzi lililokuwa mkononi, akaliweka chini, ndipo akaniuliza kwa sauti yake ile ile ya upole.

"Ulibonyeza mara ngapi?"

Ningeweza kusema moja. Hakuna ambaye angejua. Lakini niliichora mimi mwenyewe, na nilipoichora niliweka swali, maana vitabu vya kazi hii vinafundisha hivyo. Ukibonyeza "Tangaza," haitangazi. Inakuuliza kwanza kama una uhakika.

"Mara mbili, kaka," nikamwambia. "Ya kwanza ni ya kutangaza, ya pili ni ya kujibu kama nina uhakika."

"Na ukasema unao."

"Nilisema ninao."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia. Akainuka, akamwambia mke wake alete yale mahindi ndani, mvua inakuja. Mvua ya wapi? Mbingu ilikuwa nyeupe. Wakaingia, mlango ukafungwa, na mimi nikabaki uani na kuku. Ule msamaha wa hospitali nadhani aliingia nao ndani. Sikupiga hodi kuuomba tena.

Basi. Ninyi vijana mnaochora programu, mnaokwenda kuwapangia watu maisha kwa sheria za mji mwingine, kaeni na watu wenu kwanza muwaulize mambo yao, na mtu mzima akikwambia umesahau kitu, acha kucheka. Ukishaona unafurahia sehemu ya kuadhibu kuliko sehemu ya kusaidia, zima hiyo kompyuta ukalime.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa ukinitukana, endelea kunitukana, ni haki yako. Lakini kabla hujaweka simu chini, ingia kwenye picha zako. Tafuta ya mwanaume wa makamo aliyevaa koti jeusi, anatabasamu, na juu yake neno jekundu. Ulitumiwa, ukamtumia mwingine, hukumuuliza mtu. Ifute. Halafu mpigie uliyemrushia, umwambie kwa mdomo wako kwamba yule bwana hakuiba, alikuwa anamzika mama mkwe wake, na aliyemwita mwizi alikuwa analijua hilo.